Mkwinini wa Amani: Nani Alipewa Ruhusa ya Kuuliza?

Ndugu msomaji, ukiliona neno kemia usikimbilie ukurasa wa mashairi. Najua wengi wetu tuliachana na somo hilo kidato cha nne, tena bila kuagana. Lakini makala hii ni ya historia, na ndani yake mna watu. Mna profesa aliyefukuzwa kazi akiwa mtu mzima wa miaka 64 kwa sababu ni Myahudi. Mna kijana aliyeruka kwa parachuti juu ya mlima wa barafu, kisha akaja kuwa mwalimu wa kemia. Na mna watu wa Usambara waliochuna magome kwa amri ya mkoloni, ambao majina yao huyakuti katika kitabu chochote cha kemia. Wote hao wameunganishwa na mti mmoja ambao hata leo utauona Amani, katika Usambara Mashariki: mti wa kwinini.

Hoja yangu naitoa mapema ili tusizungushane. Kuwa na mti si kuwa na elimu ya mti. Amani ilikuwa na mti, ilikuwa na maabara, ilikuwa na mizani na chupa. Lakini usomi wa kudumu juu ya mti huo ulijengwa kwingine, na watu wengine, kwa sababu walikuwa na kitu kimoja ambacho Amani ilikigawa kwa kibaba: ruhusa ya kuuliza swali ambalo hakuna bwana aliyeliagiza.

Mshenga wa kemia

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja: kichocheo. Darasani tuliambiwa kwamba kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kutumika kikaisha. Maneno makavu hayo. Mimi namfananisha na mshenga. Kuna kijana huku, kuna binti kule, na huenda wangekutana wenyewe baada ya miaka kumi, kwa bahati. Mshenga akiingia kati, mambo yanakwisha kwa mwezi mmoja. Yeye mwenyewe haoi wala haolewi. Harusi ikiisha anachukua kofia yake, anakwenda nyumba nyingine kuanza upya. Wala kichocheo si mchochezi, maana mchochezi huwasha moto ambao usingekuwepo. Kichocheo hufupisha tu safari ya jambo ambalo lingetokea hata hivyo, ila polepole mno.

Mtu aliyelifanya jambo hili kuwa fani ya kisomi ni Wilhelm Ostwald, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Leipzig na kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1909. Kati ya waliofanya kazi chini yake alikuwapo Georg Bredig, aliyezaliwa mwaka 1868. Shikilia jina hilo, tutakutana nalo tena.

Taasisi ya Amani

Wakati Ostwald na wenzake wanabishana Leipzig, Ujerumani hiyo hiyo ilikuwa inafyeka msitu Usambara. Mwaka 1902 ilianzishwa Amani taasisi ya biolojia na kilimo, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann. Mimea ililetwa kutoka pande zote za dunia ya joto: mipira, kahawa, miti ya mbao, viungo, na mkwinini, ambao asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Kuanzia mwaka 1905 lilichapishwa gazeti la wakulima wa kizungu, Der Pflanzer, yaani Mpandaji, na utafiti wa Amani ulitangazwa humo.

Tazama jina la gazeti, halafu jiulize: mpandaji yupi? Si yule Msambaa mwenye migomba yake. Ni mwenye shamba kubwa. Mkemia wa Amani aliajiriwa ili amjibu huyo. Udongo huu una nini? Gome hili lina kwinini asilimia ngapi? Mpira huu utapata bei Hamburg? Hayo ni maswali ya maana, sikatai. Lakini yote yalikuja kutoka kwa mteja. Miaka hiyo hiyo, 1905 mpaka 1907, watu wa kusini walikuwa wanapigana vita vya Maji Maji, na moja ya sababu ilikuwa pamba ya kulazimishwa. Sayansi ya koloni na shamba la koloni vilikuwa baba mmoja mama mmoja.

Mwaka 1912, mbali na Amani

Sasa turudi kwa Bredig. Mwaka 1911 alikabidhiwa kiti cha uprofesa mjini Karlsruhe, kiti kilichoachwa na Fritz Haber, yule aliyepata njia ya kutengeneza amonia kutoka naitrojeni ya hewani kwa kutumia kichocheo. Bredig naye alikuwa na lake. Alishaonyesha kwamba chembe ndogo sana za platini zikielea majini huvunja haidrojeni peroksaidi, kazi ile ile inayofanywa na vimeng'enya vya mwilini, na kwamba sumu ya sayanidi inazizima chembe hizo kama inavyovizima vimeng'enya. Swali likamkaa kichwani: je, mkemia anaweza kutengeneza kimeng'enya chake mwenyewe?

Hapo ndipo kwinini inapoingia. Viatu vya kandambili ni viwili, vinafanana kwa kila kitu, lakini cha kulia hakiingii mguu wa kushoto. Molekuli nyingi nazo ziko hivyo: zina ya kulia na ya kushoto. Ukizitengeneza maabara kwa njia ya kawaida unapata nusu kwa nusu. Mwili wa kiumbe haufanyi hivyo. Vimeng'enya vyake huchagua upande. Na uchaguzi huo si mchezo. Ndani ya gome la mkwinini mna kwinini, na mna ndugu yake aitwaye kwinidini. Idadi ya atomu zao ni ile ile, ila baadhi ya sehemu zimegeuzwa upande. Kwinini imejulikana kwa homa ya malaria. Kwinidini imetumika zaidi kurekebisha mapigo ya moyo.

Mwaka 1912 Bredig na mwanafunzi wake Fiske wakatangaza jaribio lao. Waliunganisha sianidi ya haidrojeni na benzaldehaidi, kichocheo kikiwa kwinini. Molekuli za upande mmoja zikazidi kidogo. Wakarudia kwa kwinidini, zikazidi za upande wa pili. Tofauti ilikuwa ndogo, chini ya asilimia 10. Lakini jambo lilikuwa limethibitishwa: mshenga mwenye mkono wa kulia huleta ndoa za mkono wa kulia. Kitu ambacho Amani walikipima kama dawa, Karlsruhe walikitumia kama kichocheo. Molekuli ni ile ile. Kilichobadilika ni swali.

Vita na chungu cha Amani

Mwaka 1914 vita vikaja, na manowari za Waingereza zikafunga bahari. Amani, chini ya Albrecht Zimmermann, mtaalamu wa mimea, ikageuzwa kiwanda. Walitengeneza sabuni, mishumaa, vitu vya mpira, dawa, na vileo. Hesabu iliyotolewa upande wa Waingereza inataja chupa 15,200 za wiski na vileo vingine, na vipande 10,000 vya sabuni. Na magome ya Usambara yakatoa kwinini kwa jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck. Jeshi liliporudi nyuma mwaka 1916, magome yalichemshwa tu yakawa kinywaji cha maji, kichungu kama shubiri. Askari wakakibatiza kwa utani jina la kamanda wao: Lettow-Schnaps, pombe kali ya Lettow.

Nataka uone kinyume hapo. Pombe haiwi pombe bila hamira, na hamira inafanya kazi kwa vimeng'enya, yaani vichocheo vya uhai. Eduard Buchner alilionyesha hilo mwaka 1897 kwa kukamua hamira na kuona maji yake peke yake, bila chembe hai, yanaendelea kuchachusha sukari. Alipata Nobel mwaka 1907. Mwaka 1917 aliuawa vitani huko Romania. Kwa hiyo Amani ilikuwa inachemsha na kuchachusha kwa bidii, vichocheo vinafanya kazi usiku na mchana ndani ya mapipa, lakini si wakati wa kuuliza vinafanyaje. Huku chini, bonde kwa bonde, wapagazi wa Kiafrika wa pande zote mbili walikuwa wanakufa kwa makumi elfu kwa njaa na maradhi. Hiyo ndiyo bei ya vita ambavyo chupa zile zilikuwa zinavihudumia.

Mlango ukifungwa

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba ruhusa ya kuuliza ikishatolewa imetolewa milele. Bredig alikuwa mtu mzito Karlsruhe. Mwaka 1922 alikuwa mkuu wa chuo. Mwaka 1933 Wanazi walipotwaa serikali alivuliwa kazi. Novemba 1938, katika siku za mashambulizi dhidi ya Wayahudi, alikamatwa. Mwaka 1939 alitorokea Amsterdam, mwaka 1940 akapata mlango wa kuingia Marekani kupitia Princeton, na mwaka 1944 akafa New York, mgonjwa na mkimbizi. Barua zake zilinusurika. Leo zimehifadhiwa Philadelphia katika taasisi ya historia ya sayansi, na ndizo zinazotuwezesha kuyasema haya.

Swali lake halikufa naye. Mwaka 1960 Horst Pracejus wa Ujerumani Mashariki alitumia kwinini iliyobadilishwa kidogo, akapata upande mmoja kuzidi kwa asilimia 74. Kutoka chini ya 10 mpaka 74! Hapo wakemia wakaanza kugeuza shingo.

Halafu akaja Hans Wynberg. Huyu alizaliwa Amsterdam mwaka 1922. Wazazi wake walimpeleka Marekani pamoja na pacha wake kabla Ujerumani haijaivamia Uholanzi; wao wenyewe wakabaki nyuma, na waliuawa Auschwitz. Februari 1945 kijana huyo, akiwa mpiga redio wa jeshi la Marekani, alirushwa na wenzake wawili juu ya barafu ya milima ya Austria kupeleleza treni za adui karibu na Innsbruck. Vita vikaisha, akasoma kemia, na mwaka 1960 akarudi Uholanzi kufundisha Groningen. Mwaka 1981 yeye na Henk Hiemstra walieleza jinsi molekuli hizi za mkwinini zinavyofanya kazi: sehemu moja inamshika huyu, sehemu nyingine inamvuta yule, na ndoa inafungwa kwa upande unaotakiwa. Ndiye mshenga yule yule, sasa tumeiona mikono yake yote miwili. Mwanafunzi wake mmoja, Ben Feringa, alikuja kushiriki Nobel ya mwaka 2016 kwa kazi nyingine.

Barry Sharpless wa Marekani alichukua molekuli za ukoo huu wa kwinini, akaziunganisha na metali ya osmiamu, na kazi hiyo ni sehemu ya iliyompa Nobel ya mwaka 2001. Mwaka 2021 Benjamin List na David MacMillan wakapewa yao kwa vichocheo vidogo vya kikaboni visivyo na metali, fani ambayo mizizi yake inafika mpaka kwenye jaribio lile la 1912. Miaka 109, bwana. Na kwenye mzizi umekaa mkwinini.

Aliyeuliza akiwa Amani

Kuna watakaosema: lakini Amani ni porini, utafanyaje usomi porini? Hapana. Historia inawakatalia. Waingereza waliichukua Amani mwaka 1916, wakaiacha ikilala, na mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaifufua kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Alikuja hapo mkemia wa udongo, Geoffrey Milne. Kazi yake ilikuwa kupima udongo, lakini yeye akaenda mbele: kwa nini udongo unabadilika kutoka kilele cha kilima mpaka bondeni, na mbona mpangilio huo unajirudia kilima baada ya kilima? Mwaka 1935 alitangaza wazo aliloliita catena, yaani mnyororo. Neno hilo linafundishwa vyuoni duniani kote mpaka leo. Milne alifariki mwaka 1942, wazo lake likabaki.

Kwa hiyo porini si hoja. Lakini hapo hapo pana jambo la kutia uchungu. Mkulima wa Usukuma alishajua kuwa udongo wa kilimani si wa bondeni. Alikuwa na majina yake, na neno mbuga likaingia katika maandishi ya wataalamu. Ujuzi wake ulisafiri. Yeye mwenyewe hakusafiri nao. Katika Amani ya Wajerumani na ile ya Waingereza, Mwafrika alikuwa mchuma magome, mbeba sampuli, muosha chupa, akibahatika sana msaidizi wa maabara. Akili ilikuwepo. Ruhusa haikuwepo. Mwaka 1948 utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, Kenya, na Amani ikakabidhiwa kazi ya malaria. Mti wa dawa ya homa ukabaki unawatazama watafiti wa homa.

Ruhusa ilipokuja

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilisimama chenyewe Julai 1970, na hapo mambo yakaanza kubadilika. Chukua mfano wa James Mdoe. Mwaka 1998, pamoja na James Clark na Duncan Macquarrie wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, alitangaza kichocheo kilichopandikizwa juu ya silika yenye vitundu vidogo sana. Egid Mubofu naye, pamoja na hao hao wawili wa York, mwaka 2001 alitangaza kichocheo cha paladiamu kilichoshikiliwa juu ya silika, ambacho unaweza kukichuja na kukitumia tena. Mshenga asiyepotea baada ya harusi!

Mpaka hapo unaweza kusema ni yale yale: kijana kaenda Ulaya, kajibu maswali ya Ulaya. Ngoja kwanza. Mwaka 2011 Mubofu, Mdoe na Grace Kinunda walitangaza kazi nyingine. Walichukua mafuta ya maganda ya korosho, uchafu ule unaounguza vidole vya wabanguaji wa kusini, wakayatumia kama kalibu. Silika inaganda kuyazunguka, halafu mafuta yanaondolewa, yanabaki matundu. Ndani ya matundu hayo wakakishikiza kimeng'enya kinachogawa sukari ya kawaida kuwa glukosi na fruktosi. Swali hilo halikutoka Leipzig wala York. Limetoka kwenye ganda la korosho. Tofauti kati ya jaribio hilo na chungu cha Amani ya 1916 ndiyo makala hii yote.

Lakini tusishangilie tukasahau. Taifa lenye wasomi wachache huwaita mapema ofisini. Mubofu aliwahi kuongoza Shirika la Viwango Tanzania. Mdoe akawa Naibu Katibu Mkuu wa wizara inayosimamia elimu. Ni heshima, na nchi inawahitaji. Ila kila saa ya kikao ni saa isiyokuwa ya maabara, na kichocheo hakijigundui chenyewe wakati profesa anasaini mafaili. Nani atabaki kuuliza?

Na gome lenyewe halijaacha kutiririka. Huko Kivu, mashariki ya Kongo, mashamba ya mkwinini yapo tangu enzi za Wabelgiji, na wanaochuna magome wanazungumza Kiswahili kama sisi. Bukavu pana kiwanda, Pharmakina, kilichokamua kwinini kwa miongo mingi. Hiyo ni hatua kubwa kuliko kuuza gome bichi. Hata hivyo, kutoka kukamua kwinini mpaka kuifanya kichocheo cha kutengeneza dawa nyingine, ni mwendo ule ule kati ya Amani na Karlsruhe. Haupimwi kwa kilometa.

Sasa niwageukie waandishi wenzangu chipukizi. Bredig tunamjua kwa kuwa kuna watu walihifadhi barua zake. Wasaidizi wa maabara wa Amani, waliochuja, waliopima, waliokamata mbu usiku kwa miaka mingi ya utafiti wa malaria, wengine wamestaafu na wanaishi vijiji vya Muheza. Wanakumbuka. Hawajaulizwa vya kutosha. Lugha ya kuwaandika ipo: kichocheo, kimeng'enya, mmenyuko, yote ni Kiswahili na yote yanasomeka. Wewe uliyezoea kuandika hadithi za mapenzi ya Kariakoo, panda basi la Muheza siku moja na daftari. Anza na swali dogo tu: mzee, ulipokuwa maabara, ni kitu gani ulitaka kujua na hukuruhusiwa kuuliza?

Jibu lake liandike lilivyo. Kazi kwenu.